Bangili Chini ya Betri

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Kona ya Musa nzima haikuwa na fundi wa nyaya kama Mutinda, na asiyeamini akamuulize Mutinda mwenyewe. Shingoni alivaa taa yake ya kupimia umeme, kiglopu chenye sindano upande mmoja na kibanio upande wa pili. "Hii haijawahi kusema uongo," alikuwa akisema.

Ajabu ya van kuukuu ya Tsofa, gari la kupelekea madafu kwenye hoteli za Diani, ni kwamba kwa fundi lilikuwa zima. Njiani lilizima ghafla, likawaka lilipotaka. Mutinda akapima fyuzi, akatikisa nyaya zote. Kila kitu kizima!

"Hapa kwako linaniaibisha tu, fundi."

"Huzima lini, Mzee Tsofa? Kwenye mashimo? Kwenye mvua?"

"Hata lami kavu."

"Ukiwa na nani?"

Tsofa akakuna kichwa. "Na Judy."

Judy, binti wa watu wa bara, aliolewa baada ya Mbodze, mke wa kwanza wa Tsofa, kufariki. Sasa alikuwa na mimba pevu. Mutinda akaangua kicheko. "Kwa hiyo mkeo ndiye fyuzi mbovu?" Lakini kazi ni kazi. Judy akaitwa, akapanda. Injini ikafa papo hapo, na honi, bila kuguswa, ikalia kwa kuvuta kama mwanamke wa matangani. Akashuka, gari likawaka.

Mutinda akacheka tena. Safari hii alicheka peke yake.

Ndipo Judy akashika tumbo. "Mume wangu, uchungu umeanza."

Matatu zilikuwa zimegoma tangu asubuhi. Mutinda akajitosa chini ya betri, na pale palipopasa kuwa na waya wa arthi, ule unaofunga betri kwenye bodi, akakuta bangili ya shaba iliyopondwa ikanyooshwa, ikafungwa kwa nati. Ilinukia udi.

"Hii umeitoa wapi?"

Tsofa akanong'ona, "Ya marehemu. Alivishwa kwenye ngoma ya pepo, pepo wake atulie. Mbodze alipokufa, dadake wa Majoreni ndiye aliyepaswa kuivaa, pepo apate kiti kipya, mtu wa kumkalia. Mimi nikaona, shaba safi kama hii..."

"Ukampa pepo gari!"

"Usiitupe, fundi, nakuomba. Tumpelekee dadake kwanza, afukiziwe, avishwe..."

"Na huyu azalie kwenye grisi? Umeme hauna pepo, mzee!" Mutinda akaing'oa, akaivurumisha mtaroni, maji ya mvua yakaimeza. Akafunga kipande cha waya mnene wa kuchomelea vyuma. "Haya, twende!"

Gari likaenda. Tena likaenda vizuri kuliko siku zote, wala honi haikulia, na Mutinda, aliyeketi nyuma juu ya makumbi, alikuwa ameshafungua mdomo ajisifu walipofika Gazi na harufu ya udi na marashi ikajaa garini, nzito, ya kukaba koo, na Judy, ambaye hata salamu ya Kidigo ilimshinda, akaanza kuimba kwa Kidigo safi, taratibu, huku akipapasa tumbo, na Tsofa akazidi kukanyaga mafuta kwa sababu wimbo ule aliujua, na sauti ile pia aliijua.

"Nani anaimba?" Mutinda akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbodze," Tsofa akajibu. Hakugeuka.

Hospitalini Msambweni Judy alijifungua salama, msichana. Mama alikuwa amerudiwa na sauti yake mwenyewe, hakumbuki wimbo wowote. Mutinda akapumua. Alikuwa ameshaanza kuwasimulia wagonjwa barazani alivyomfukuza jini kwa spana, Tsofa akatoka na mtoto ndani ya leso, uso umempauka.

"Fundi. Tazama mkono."

Kifundo cha mkono wa mtoto kilizungukwa na alama ya kijani, kijani ya kutu ya shaba. Mutinda akainama atazame vizuri. Kifuani pake kiglopu kikawaka, sindano na kibanio vikining'inia hewani, havijagusa kitu.

Mtoto akafumbua macho. Hakumtazama babake. Alimkazia Mutinda, akatabasamu, kisha akakunjua vidole, kiganja juu, kama mtu anayedai chake.