Kofia Nne za Rimu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla vumbi la malori ya mawe halijatanda juu ya Kitengela, Mutheu alikuwa amekwisha kujaza ndoo, amekunja mikono ya sweta na kuchuchumaa mbele ya duka la baba yake. Kazi yake ilikuwa kuosha rimu za magari, vile vyuma vinavyovalishwa matairi. Alizisugua kwa sabuni na mswaki mkuukuu, akazipangusa kwa kitambaa, mpaka akauona uso wake umejipinda ndani yake kama uso wa mtu anayecheka na kulia kwa pamoja.

Mutheu alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya saba. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na baba yake, Mbaluka. Mama yake alifariki katika hospitali ambako stima ilipotea, na chumba cha jenereta kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni. Tangu siku hiyo Mbaluka hakumwamini mtu yeyote mwenye ofisi. Akiona shimo barabarani, alisema kuna mtu amekula hiyo lami. Leseni ikichelewa, alisema kuna mtu anangoja chai. Na mara nyingi hakukosea.

Lakini dukani kwake alikuwa mtu wa neno moja. Ukutani upande wa kulia alitundika rimu za orijino, zilizotengenezwa na kampuni yenyewe. Nyingi zilikuwa zimetumika ng'ambo, na zilikuwa na mikwaruzo; nyingine aliziweka kwenye kontena nyuma ya duka. Upande wa kushoto alitundika kopi. Hizo zilikuwa mpya, zinameremeta, zimeundwa na watu wasiojulikana walioiga umbo la zile nyingine.

"Hizi ni za urembo, si za mzigo," alimwambia kila mteja. "Kama kigari chako ni kidogo, unaenda kanisani na kurudi, chukua. Lakini ukibeba mawe au watu, usije kunililia."

Na ili mtu asikosee, alikuwa na desturi ambayo Kitengela nzima iliijua. Katikati ya rimu huwa kuna tundu, na tundu hilo hufunikwa kwa kofia ndogo yenye nembo ya kampuni. Orijino za Mbaluka zilivaa kofia. Kopi zake zilitoka dukani kichwa wazi, hata mteja abembeleze vipi. Ndiyo maana wateja wengi walivuka barabara wakaenda kwa Elphas, muuza rimu mwenzake, ambako kila rimu ilikuwa na kofia na hakuna aliyeulizwa swali. Maofisa wa kukagua bidhaa walipita kwa Elphas, wakanywa soda, wakaondoka wakipangusa midomo.

Jumamosi moja Mbaluka aliitwa Kajiado, kwenye ofisi, kwa ajili ya leseni ya duka iliyokuwa imechelewa. Alimwacha Mutheu dukani, akamwomba Kitonga, fundi wa matairi wa kibanda cha jirani, amsaidie mteja akija.

Hakuja mteja. Alikuja Lorna, binti wa Elphas, akitafuna njugu.

"Aki Mutheu, hili duka lenu," alisema akitazama ukuta wa kushoto. "Rimu zote ziko na tundu katikati. Ni kama mdomo wa mzee amepoteza meno."

"Na kwa babako ziko na meno ya bandia," Mutheu akamjibu.

"Ya bandia lakini yanatafuna!" Lorna akacheka mpaka njugu zikamwagika. "Sisi tumeuza tangu asubuhi. Nyinyi mmeuza nini? Maji ya sabuni?"

Akavuka barabara akiruka ruka. Maneno yake yalibaki yakimchoma Mutheu kama pilipili machoni. Ndani ya duka kulikuwa na sanduku la kofia za akiba. Mutheu akachukua nne, akazibandika kwenye kopi nne nzuri kuliko zote, akazipanga mbele kabisa, juani. Ziling'aa ajabu! Alitaka tu Lorna azione kutoka ng'ambo ya barabara. Angezivua kabla baba hajarudi.

Ndipo pikapu ya Mzee Saning'o iliposimama.

Mzee Saning'o alikuwa mfugaji wa upande wa Isinya, babu yake Eunice, rafiki wa Mutheu aliyeketi naye dawati moja. Kila asubuhi alileta maziwa mjini. Mutheu alikuwa amejifunza kwa Eunice jinsi watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wazee, basi akainamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja chake juu ya nywele zake, akakitua kidogo, akakiondoa.

"Babako yuko wapi?"

"Ameenda Kajiado, Babu."

"Kwa wale wakubwa? Basi atarudi jua likizama." Akacheka. "Mimi nataka rimu. Zangu zimeoza. Nabeba maziwa, nabeba watu, nataka zile zenyewe." Akazipita orijino zenye mikwaruzo, macho yakanaswa na zile nne. Akainama, akaigusa kofia moja kwa kidole. "Hizi ziko na kofia. Ni zenyewe?"

Mutheu alijua jibu. Sentensi ilikuwa fupi tu: hapana Babu, nilikuwa nacheza. Lakini ng'ambo ya barabara Lorna alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, anatazama.

"Ndiyo, Babu," alisikia sauti yake ikisema. "Ni orijino."

"Mtoto wa Mbaluka akisema, nimemaliza." Mzee akamwekea tena kiganja kichwani. Safari hii kilikuwa kizito kama jiwe.

Kitonga alikuja na jeki yake. Alizitazama zile rimu, akamtazama Mutheu. "Mbaluka amekubali hizi ziende?" aliuliza. Mutheu akatikisa kichwa kukubali. Kitonga akainua mabega, akafunga matairi. Mzee alituma malipo kwa simu ya Mbaluka, bei ya orijino, akapiga honi, akaenda.

Jioni Mbaluka alirudi bila leseni, lakini uso ulikuwa na nuru. "Saning'o amechukua zipi?"

"Zile za kontena, Baba. Zile za nyuma."

"Mama, leo umefanya kazi ya mtu mzima," alisema, akimwita Mama kama alivyozoea akifurahi, akampakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani ikajaa. Mutheu alizizungusha punje sahanini mpaka zikapoa.

Siku zilizofuata alijifariji. Labda hazitapasuka. Labda mzee ataendesha polepole. Si hata kwa Elphas watu wananunua na bado wako hai?

Katikati ya wiki Eunice aliingia darasani amevaa jezi ya netiboli, hawezi kutulia. Timu ilikuwa inaenda Kajiado kwenye mashindano. Basi la shule lilikuwa limepandishwa juu ya mawe tangu muhula uliopita, maana kamati ilichanga fedha za kulitengeneza, na fedha zikatengeneza kitu kingine.

"Lakini Babu ndiye atatupeleka!" Eunice alisema. "Na ako na rimu mpya, Mutheu! Si wewe ndiye ulimuuzia?"

Wasichana timu nzima, nyuma ya pikapu, juu ya rimu za urembo! Alitoka mbio hadi kwa Mwalimu Muthoki, naibu wa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, ile gari isiende!"

"Kwa nini?"

Hapo tena ulimi ukamsaliti. "Rimu... rimu si nzuri."

"Umekuwa fundi lini? Kamati imeikagua gari. Rudi darasani."

Kamati ilikuwa imeikagua gari kupitia dirisha la ofisi, vikombe vya chai mkononi. Nje, pikapu ilipita langoni, wasichana wakiimba, kofia nne ziking'aa juani. Mutheu hakurudi darasani. Alitoka langoni nyuma yake, akakimbia mpaka dukani, akafika hana pumzi.

"Baba! Rimu za Mzee Saning'o ni kopi. Nilizivika kofia mimi. Nikamwambia ni orijino. Na sasa amewabeba kina Eunice!"

Mbaluka alikuwa ameshika spana. Ilimwanguka. Alimtazama binti yake kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine aliyeingia dukani kwa makosa. Kisha akatoa simu, akapiga, akapiga tena. Saning'o hashiki simu akiendesha. Alimwahidi mkewe hivyo. Mbaluka akamsukuma Mutheu ndani ya kigari chake, wakashika barabara ya Namanga, ile inayopita Isinya kwenda Kajiado.

Mutheu alitazama kila kitu kilichosimama kando ya njia. Lori. Hapana. Kibanda cha nyanya. Hapana. Walipokaribia Isinya, waliona watu wamejazana.

Pikapu ilikuwa imelala ubavu mmoja kando ya lami, karibu na tuta ambalo halikuwa na rangi wala kibao. Rimu ya gurudumu la mbele ilikuwa imevunjika vipande kama sahani. Mutheu alitafuta jezi. Aliona moja, mbili, kisha nyingi, wasichana wameketi kwenye nyasi, wengine wanalia, wote wazima. Wote ila Eunice. Yeye alikuwa ameushikilia mkono wake wa kushoto, umefungwa kwa leso, midomo imekuwa ya kijivu.

"Ni ng'ombe wametuokoa," Mzee Saning'o alikuwa akiwaambia watu, sauti inatetemeka. "Ng'ombe walivuka pale mbele, nikapunguza mwendo. Nikagonga tuta polepole. Kama singepunguza..."

"Hii serikali!" mtu mmoja akapiga kelele. "Tuta bila rangi!"

"Kila mwezi watu wanaumia hapa!" mwingine akadakia.

Na hapo Mutheu alipata mshtuko ambao hakuutarajia kabisa. Baba yake, Mbaluka wa neno moja, alipaza sauti juu ya wote. "Waleteni hao wakubwa! Wanakula lami, wanakula rangi, sasa wanataka kula watoto! Hii ni kazi yao!" Umati ukampigia makofi. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatoka, lakini macho yake hayakumtazama Saning'o hata mara moja.

Mutheu akaelewa. Baba alikuwa anamficha. Na yeye mwenyewe angenyamaza tu, tuta lingebeba kosa lote, na hakuna ambaye angejua. Eunice alikuwa amekaa pale, anauma leso asilie.

"Si tuta," Mutheu alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasogea katikati ya watu.

"Si tuta peke yake! Ni mimi. Babu, zile rimu ni kopi. Nilizivika kofia, na uliponiuliza nikakudanganya."

Kelele zilikatika kama redio iliyochomolewa. Mbaluka aliinama, akaokota kipande cha rimu, akakigeuza. Ndani ya chuma kulikuwa na vitundu vitundu kama mkate ulioumuka. Akamnyooshea Saning'o.

"Mtoto anasema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilijua tangu nilipotoka dukani."

Mzee alikipokea kipande kile. "Mbaluka," alisema, "hao wakubwa wako na makosa yao, na Mungu atawauliza. Lakini mimi sikuuliza serikali. Niliuliza mtoto wako." Mutheu aliinamisha kichwa. Mzee hakukigusa. Alimwinua Eunice, akampakia katika kigari cha Mbaluka, wakaenda hospitali.

Mkono ulikuwa umevunjika. Mbaluka aligharamia matibabu yote. Akatoa kwenye kontena orijino nne nzito, akazifunga kwenye pikapu kwa mikono yake mwenyewe. Kile kipande chenye vitundu alikitundika dukani, ukuta wa kushoto, ambapo kila mteja angekiona. Mutheu naye alimwita Lorna avuke barabara, akamwonyesha, akamweleza yote. Lorna alikigusa, hakucheka. "Nitamwambia Baba," alisema.

Jumapili, baada ya kanisa, Mutheu na baba yake walienda nyumbani kwa Saning'o. Eunice alikuwa uani, mkono umevaa plasta nyeupe.

"Njoo uandike jina lako hapa," alimwambia Mutheu. "Na uandike vizuri, usiniwekee kopi."

Mutheu alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akamwendea mzee aliyekuwa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akangoja. Alingoja mpaka shingo ikaanza kumuuma.

"Mutheu," Mzee Saning'o alisema, "rimu ikipasuka, nanunua nyingine. Mkono ukivunjika, daktari anafunga. Lakini neno la mtoto wa Mbaluka, hilo likipasuka nitalinunua duka gani? Kwa sababu ya neno hilo mimi sikuangalia mara ya pili."

"Sitadanganya tena, Babu."

"Naamini. Ulisema mbele ya watu wakati ungeweza kunyamaza."

Mbaluka alikohoa. "Na mimi niko na langu," alisema. "Nimewalaani wenye ofisi miaka hii yote, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeweza kusema, ni mimi nilikosa. Mwenye ufunguo wa jenereta hakusema. Siku ile barabarani mimi nilikuwa mmoja wao. Huyu mtoto ndiye alinitoa huko. Mwanangu, ukikosa, sema umekosa mapema, kabla kosa lako halijapanda gari na kuwabeba wenzako."

Mzee Saning'o akanyoosha mkono. Kiganja kikatua juu ya kichwa cha Mutheu, kikakaa, na safari hii kilikuwa chepesi.

Wakati wa kurudi walipita pale Isinya. Tuta bado halikuwa na rangi. Mbaluka alilitazama, akalaani kidogo kama kawaida yake, kisha akasimamisha gari. Ndani ya buti, nyuma ya gari, kulikuwa na mkebe wa rangi nyeupe na brashi mbili. Akampa Mutheu moja.