Rundo la Mapera

Kila asubuhi Mama Pacha aliokota mapera yaliyoanguka, akayaongeza kwenye rundo kando ya banda. Yeye na mumewe, pamoja na jirani yao Kofia na mkewe, waliajiriwa kutunza shamba hilo. Nyumba za kuishi walipewa humo humo shambani. Mwenye shamba, waliyemwita tajiri, aliishi mbali. Na mwenye mali akiwa mbali, maneno hayakosekani. Ndiyo maana waliweka rundo: tajiri akija, aone kwa macho yake kwamba hawakuuza hata pera moja. Watu waaminifu hao, lakini harufu ya rundo hilo, we acha tu.

Msimu ule hata mapera ya juu ya miti yaliharibika. Nje mazuri, ndani funza.

"Tajiri akikuta hivi, atatufukuza," alisema Mama Pacha. "Hawa pacha nitawalaza wapi?"

Mumewe alitupa pera lenye funza kwenye rundo.

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alipopita walimwita. Alipasua pera moja, akatazama funza. Kisha akaliona rundo.

"Na hili ni la nini?"

"Ushahidi," alijibu Kofia kwa heshima zote.

Bibi shamba aliuma mdomo asicheke. "Ndugu yangu, hapa mnafuga nzi. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya pera. Yai linakuwa funza. Pera likianguka, funza anaingia udongoni, anatoka akiwa nzi, anarudi mtini kutaga. Mnajipalia makaa wenyewe."

"Tufanyeje?"

"Okoteni kila siku. Chimbeni shimo la kufika kiunoni, myafukie kwa udongo mwingi. Au yatieni kwenye mfuko mweusi wa plastiki, mfunge vizuri, muuache juani mpaka funza wafe."

"Tukifukia, tajiri atasema tumeiba," alisema Mama Pacha.

"Si mumpigie simu? Kuuliza si ujinga."

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuliwaza hilo. Mama Pacha alipiga simu, akaeleza yote.

"Kumbe!" alisema tajiri. "Mimi nilipoliona rundo hilo nilidhani ni uvivu. Nikaona haya kuwaambia, maana kazi nyingine mnafanya vizuri. Fukieni, jamani."

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ile ile walichimba shimo. Tangu hapo, familia zote mbili ziliokota kila asubuhi bila kuruka siku.

Msimu uliofuata tajiri alikuja. Alipasua pera, akalichungulia, akalila lote. Akachukua la pili.

"Funza hamna," alisema.

"Hamna," alijibu Mama Pacha.

"Nasikia paa lenu linavuja. Nitaleta mabati. Nataka mkae hapa sana."

Mama Pacha alishusha pumzi. Moyo wake ulitulia kabisa. Kisha akainama, akaokota pera lililoanguka karibu na kiatu cha tajiri, akalitia kwenye mfuko mweusi mbele ya macho yake.