Bangili ya Vidole Vinne

Nilimpiga mume wangu kwa nyundo siku ya Jumamosi, saa nne za asubuhi, mbele ya mtoto wetu. Naanza hapo ili asiyetaka kusoma habari za mwanamke wa namna hiyo afunge ukurasa mapema.

Nina miaka ishirini na sita. Naishi Kamembe, nilimaliza sekondari, nina mtoto mmoja wa miaka mitano anayeitwa Ineza. Wengi wenu mnanijua kwa blogu hii, na wengi mko ng'ambo ya mpaka, Bukavu, Congo, ndiyo sababu naandika Kiswahili badala ya Kinyarwanda. Mmezoea niwaeleze namna ya kuchagua shanga, namna ya kukunja waya wa shaba usikatike, hereni gani inafaa uso gani. Leo hakuna hereni.

Asubuhi ile nilikuwa mezani kwangu, karibu na mlango, nagonga waya uwe bapa. Mume wangu, nitamwita Papa Ineza kama kila mtu anavyomwita, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza hiyo hiyo, mkono wa kulia ameulaza juu ya mbao, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Ni fundi wa pikipiki, tena ni mwimbaji wa kwaya. Ukimsikia anaimba besi kanisani utatokwa na machozi.

Ineza akaja, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Maman, na miye unitengenezee ile bangili ya munene."

Nikamuuliza ya munene ya nini. Mkono wake mdogo, nyembamba ndiyo itampendeza.

"Hapana. Ya kufunika. Kesho tunaenda kanisa."

Nikamvuta karibu... Juu ya kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama nne zilizopangana, nyekundu zinazoanza kuwa nyeusi, na ya tano upande wa chini, pale kidole gumba kilipokuwa kimekaza. Jana yake alikuwa amemwaga kopo la skrubu za baba yake. Mimi nilikuwa sokoni.

Mtoto hakulia. Hakushtaki. Alikuja kuagiza bangili, kama mteja.

Papa Ineza akacheka. "Batoto ba siku hizi, unabagusa kidogo tu, banafanya alama kama ndizi ya kuiva."

Mkono wake ulikuwa hapo hapo mezani, ule ule uliomshika mtoto. Nyundo nilikuwa nayo tayari. Nilipiga mara mbili. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye.

Sitawadanganya kwamba niliogopa. Niliona raha. Iliniingia mpaka miguuni.

Ilidumu kidogo sana. Alinishika nywele kwa mkono wa kushoto akanigonga uso kwenye meza ile, jino likabaki kwenye mbao. Nilipoanguka alinipiga mateke ya mbavu, halafu akatafuta mkono wangu wa kulia pale chini, kwa utulivu kabisa, kama anayetafuta funguo, akaukanyaga kwa kisigino. Akainua mguu, akakanyaga tena. "Tutaona kama utashona," alisema. Ineza alikuwa amejikunja chini ya kiti, ameziba masikio. Aliyenitoa ni jirani yangu Maman Furaha, aliyeingia na mwiko wa ugali mkononi akapiga kelele mpaka watu wakajaa mlangoni.

Sasa niwaambie bangili ile ilitoka wapi, maana mnaivaa.

Mwaka wa pili wa ndoa blogu ilianza kupata wasomaji. Kati yao kulikuwa na wanaume walioniandikia kuulizia zawadi za wake zao. Papa Ineza akaona jumbe zao kwenye simu yangu. "Njo banaume bako aba?" akauliza, akanishika kifundo cha mkono akakizungusha kama mtu anayekamua nguo. Kesho yake nilitakiwa kupiga picha za hereni, na hereni zangu huwa nazipiga picha zikiwa kwenye kiganja. Alama zilionekana. Nilijaribu poda. Nilijaribu kugeuza mkono. Mwishowe nilichukua kipande cha ngozi laini, nikashona juu yake mistari saba ya shanga, nikaivaa.

Picha ilitoka nzuri. Hakuna aliyeuliza hereni. Wote mliuliza bangili.

Nikawaandikia maelekezo. Mnayakumbuka? "Upana wake ni vidole vinne, usipunguze." Mkanisifu kwamba nina jicho la vipimo. Jicho gani? Nilikuwa nimepima mkono wa mume wangu.

Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kuficha, kwa sababu nilikuwa nimefichwa tayari. Akinishika mkono, bangili ipo. Aliponipiga shingoni, nikatengeneza shanga za kola ndefu, na hizo pia mlinunua. Siku moja alinimwagia kopo zima la shanga uani, akaniamuru niziokote kwa midomo, nimepiga magoti, yeye amesimama anahesabu. Niliokota. Nilizisafisha, nikazitumia.

Mara mbili nilikimbilia kwa baba yangu, kijijini Nkanka. Kwetu desturi mnaijua: mke aliyepigwa anarudi kwao, mume anamfuata na bia, wazee wanaketi, mke naye anaulizwa makosa yake, watu wanakunywa, mke anabeba begi lake anarudi. Mara ya pili nilikuwa nimetoka hospitalini. Alinipiga teke nikiwa na mimba ya miezi minne, ikatoka.

"Papa, mimba imetoka," nilimwambia baba yangu.

"Mungu atatoa ingine, mama. Ule kijana amekuja na heshima. Kaziye mbili, angalia."

Niliziangalia, kreti mbili za bia. Baba yangu, aliyenibeba mgongoni tulipotoka Congo, alifungua chupa ya kwanza kwa meno yake na kumpa mkwewe. Niliulizwa makosa yangu. Nikasema nachelewesha chakula kwa sababu ya kazi ya shanga. Wakatikisa vichwa, wakasema kijana amevumilia.

Wiki ile ile niliwaandikia makala juu ya kuoanisha zambarau na njano. Nilikuwa naangalia mapaja yangu.

Lakini hayo yangu mimi. Sasa nakiri la mtu mwingine.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, mchuuzi wa vitenge, tuliyekuwa tunakutana naye upande wetu wa daraja la mpakani, Rusizi ya pili. Mcheshi sana. Maaskari wa mpakani walimpenda kwa utani wake. Siku moja alijaribu bangili yangu, akaitazama, akanirudishia.

"Maman Ineza, hauna ya vidole sita?"

"Vidole sita? Unataka kuvaa bangili ao kuvaa soksi?"

Alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Weye unajua," alisema.

Nilijua. Mungu wangu, nilijua kabla hajafunga mdomo. Nikamuuliza anataka rangi gani.

Nilimshonea ya vidole sita. Ngozi mara mbili, vifungo vitatu, imekaza isiteleze. Nilijivunia kazi ile. Niliipiga picha nikaiweka hapa, na mkaanza kuagiza nyingine kama hiyo, na sikuwauliza kitu.

Mwezi uliofuata hakuja. Alikuja mdogo wake, na mfuko wa plastiki. Ndani ilikuwa bangili yangu, imekatwa kwa mkasi upande mmoja, inanuka. Mume wa yule mama alikuwa amemchana mkono kwa chupa iliyovunjika. Yule mama akafunga kitambaa, juu ya kitambaa akafunga bangili yangu, akauza vitenge siku sita, anatania watu, anacheka. Hakuna aliyeona kidonda, si wateja, si dada zake, si watu wa kanisani kwake. Walipogundua kwa harufu, mkono ulikuwa umeoza. Ulikatwa chini ya kiwiko.

Yule mdogo mtu hakunitukana. Alisema tu, "Ni kazi ya muzuri. Ilifunika bizuri."

Mtauliza, siku hiyo ndiyo nilipoacha? Hapana. Nililia, nikanawa uso, nikamalizia oda zilizokuwa mezani. Nilijiambia mimi si polisi, mimi nashona. Ilibidi mwanangu mwenyewe anyooshe mkono mbele yangu.

Turudi Jumamosi. Hospitali ilinifunga mkono wa kulia, vidole vitatu vimevunjika. Yeye vyake viwili. Nilipotoka saa nane mchana nikamchukua Ineza kwa Maman Furaha, nikakuta ukoo umeshaketi nyumbani kwangu. Mama mkwe. Shemeji. Na baba yangu, ameshuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, kutoka Nkanka, na katikati ya sebule... kreti ya bia.

Nilidhani Papa Ineza ndiye ameileta, kama kawaida.

"Ni miye nimeleta," baba yangu alisema bila kuniangalia. "Juu yako. Leo weye njo ulipiga."

Nikaelewa. Mara zote nilipopigwa mimi, bia ililetwa na yeye nami nikarudi. Leo nimepiga mimi, basi bia ni yetu sisi, na magoti ni yangu. Papa Ineza alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, bendeji mkononi, anasubiri, uso wa mtu aliyeonewa.

"Piga magoti, mama," baba yangu alisema. "Biishe."

Nilimvuta Ineza mbele, nikainua mkono wake kila mtu auone. Nikauliza: na huu, nani ameuletea bia?

Mama mkwe alivua kitenge chake cha begani. "Mufunike mutoto," alisema. "Bantu bako kwa mulango."

Shemeji ndiye aliyesema kilichokuwa kwenye vichwa vyao vyote. "Enda kushitaki kama unataka. Weye njo ulianza na nyundo. Batakufunga weye, na mutoto atabakia na papa yake. Tumefikiria yote."

Hapo ndipo walipokuwa wamenishika, si kwa kitu kingine. Nyundo ilikuwa kweli. Nikinyamaza, mtoto anabaki mle ndani pamoja nami. Nikisema, huenda anabaki mle ndani bila mimi. Ningefanyaje? Mngefanyaje ninyi?

Mimi niliona kitu kimoja: wananishika kwa lile ninaloficha. Nisipolificha, hawana pa kushika.

Nilimbeba Ineza kwa mkono wa kushoto, nikaruka kreti, nikatoka. Baba yangu aliita jina langu la utotoni. Sikugeuka. Tulipita katikati ya Kamembe mchana kweupe, mimi sina jino la mbele, damu imekauka kifuani, mtoto mkono uko wazi. Watu waliuliza, "Maman, ni nini?" Kila aliyeuliza nilimjibu ukweli, kwa sauti.

Kwenye ofisi wanakopokea malalamiko kulikuwa na mwanamke kijana mwenye sare. Aliandika mambo ya mateke, akaandika mkono, akafika kwenye nyundo, kalamu ikasimama.

"Maman, na iyi ya nyundo niandike?"

"Andika. Anza nayo."

"Itakuletea makambo, shida."

"Anza nayo."

Leo ni wiki ya tatu. Papa Ineza yuko ndani anasubiri kesi. Mimi pia nimeitwa kujibu la nyundo, na sijui itakuwaje. Naogopa, nisiseme uongo. Ineza yuko nami. Baba yangu hapokei simu zangu. Kwaya imetuma ujumbe kwamba wanatuombea sote wawili, kwa usawa.

Ukurasa wa maelekezo nimeufuta. Dada zangu, nawaomba kwa magoti ambayo sikuyapiga kule: mwenye bangili yangu ya vidole vinne, aliyeinunua kwa uzuri, aivae. Aliyeinunua kwa sababu nyingine, aivue leo mbele ya mtu mmoja anayemwamini, mchana, kwenye mwanga. Msingoje kama mimi mpaka watoto wenu waagize za kwao. Na ninyi mnaoshona, mteja akiomba pana zaidi, msimuulize rangi. Mwombeni awaonyeshe mkono.

Haya ndiyo malalamiko niliyoyatoa. Yaliandikwa kwa Kinyarwanda, nimeyageuza Kiswahili mimi mwenyewe, majina nimeyatoa.

*Mimi, mlalamikaji, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtengenezaji wa mapambo, mkazi wa Kamembe katika wilaya ya Rusizi, natoa maelezo haya kwa hiari yangu.*

*Leo asubuhi nilimpiga mume wangu kwa nyundo ya kazi kwenye mkono wa kulia, mara mbili, kwa kukusudia. Hakuwa amenigusa siku hiyo. Nakubali kuwajibika kwa kosa hilo.*

*Namlalamikia mume wangu kwa kumwumiza mtoto wetu wa miaka mitano kwenye mkono wa kushoto. Alama zipo, naomba zipigwe picha kabla hazijafifia. Namlalamikia kwa kunivunja vidole vitatu na jino leo hii. Namlalamikia kwa kunipiga teke lililotoa mimba ya miezi minne. Karatasi za hospitali ninazo. Namlalamikia kwa kunipiga kwa miaka minne, mara ambazo siwezi kuzitaja zote.*

*Familia zimeniomba tumalize nyumbani. Nimekataa, na naomba ofisi hii isipokee ombi lolote la kuondoa malalamiko haya kwa jina langu, hata likiletwa na baba yangu mzazi.*

*Naomba mtoto asirudishwe katika nyumba ile, hata kama mimi nitafungwa. Jirani yangu aliyenitoa mikononi mwa mume wangu leo amekubali kumpokea.*

*Maelezo haya mlalamikaji ameyasoma mwenyewe, hakusomewa. Ametia saini kwa mkono wa kushoto.*