Mama Anazikwa, Mimi Niko Mpirani

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, baba wa mtoto mmoja wa kike, mkazi wa Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis. Nimesoma hapa, nikamaliza, nikapata kazi ya kusimamia mizigo kwenye ghala kubwa huko Shakopee. Nyumbani ni Morogoro.

Mama yangu aliuza nyanya sokoni, na mimi hesabu nimejifunzia kwenye mafungu yake. Ndiyo maana mpaka leo kila kitu nahesabu mara mbili. Sijawahi kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa, hata huku Marekani ambako bei imebandikwa na muuzaji anakushangaa. Mtu wa namna hiyo anadanganywaje? Anadanganywa, ndugu zangu... Nisikilizeni.

Ilikuwa Machi, katikati ya miaka hii ya tisini, mwaka ule wachezaji wa besiboli walipogoma. Asiyejua aelewe hivi: Machi huku Minnesota bado ni theluji, kwa hiyo timu yetu hukimbilia Florida kwenye jua, kufanya mazoezi na kucheza mechi za kujipima. Mechi hizo hazihesabiwi. Ushinde, ushindwe, Aprili mnaanza na sifuri. Na mwaka huo, kwa sababu ya mgomo, timu ziliokota watu wa kuziba nafasi, wengine walikuwa wameshaacha mpira, zikawavisha jezi. Mechi zisizohesabiwa, zinachezwa na watu wasiohesabiwa! Wenye akili zao walikaa nyumbani. Mimi nikaona bei imeshuka.

Mwenzangu alikuwa Njoroge, Mkenya tuliyefanya naye kazi ghalani. Mchezo ule tulijifunza pamoja kwenye redio ya kazini, mpaka tukawa mashabiki kuliko wenye nchi. Njoroge ana gari, mimi nina mdomo wa kupunguza bei za moteli. Tukapanga wiki moja.

Kabla sijaondoka nilimpigia Mama simu. Kifua kilikuwa kinambana, lakini alisema ni vumbi tu. Nikamweleza ninakokwenda. Akacheka mpaka akakohoa. "Mchezo usiohesabiwa? Na mnalipa?" Nikamwambia tunalipa kidogo. "Haya, nenda. Ukirudi utaniambia nani kashinda."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kinywani mwake.

Tuliondoka Jumamosi. Mama alifariki Jumatatu.

Mjomba alipiga simu nyumbani kwangu, akapokea mke wangu Stella. Nanyi mnajua desturi yetu. Mtu hapewi msiba kwenye simu. Hapewi akiwa peke yake, wala akiwa safarini. Watu wanakusanyika kwanza, wazee wanakuja, unakalishwa, ndipo unaambiwa ukiwa umezungukwa na mikono ya kukushika. Ni desturi nzuri. Siipingi. Lakini sikilizeni ilivyonifanya...

Jumanne jioni nilipiga simu nyumbani kutoka kwenye kibanda karibu na uwanja. Stella hakuwahi kuupenda mchezo ule. Alikuwa akiuita "mpira wa watu waliosimama". Lakini siku hiyo, hata salamu hazijaisha, akaniuliza, "Nani kashinda, Baba Neema? Nisimulie."

Nisimulie! Nilifurahi kama mtoto. Nikamsimulia. Nikasikia vikombe vinagongana nyuma yake na sauti za watu. Nikauliza kuna nini. Akasema ni akina mama wa kanisani, wana kikao. Nikauliza habari za Morogoro. Akajibu haraka, "Wapo. Enhe, halafu yule aliyerusha vibaya akatolewa?"

Jumatano vivyo hivyo. Safari hii aliwahi Neema, mtoto wetu, wakati huo ana miaka sita. Kiswahili anakielewa, ila anajibu Kiingereza. Akaniuliza kama nimeshalia. Nikacheka, nikamwambia baba halii kwa sababu ya kufungwa, ni mechi za kujipima tu. Mama yake akamnyang'anya simu...

Na Njoroge? Njoroge naye alimpigia mkewe Jumanne hiyohiyo, akaambiwa yote, akaonywa afunge mdomo. Akaja kukaa kando yangu uwanjani. Wasomaji, Njoroge ni mtu ambaye mkinunua soda moja anapima kwa kidole aone nani kanywa zaidi. Kuanzia siku ile akawa analipa! Soseji yeye. Petroli yeye. Moteli yeye.

"Toa mkono mfukoni, buda," akaniambia. "Leo ni mimi."

"Umeokota pochi?"

"Si u-relax tu, Mtanzania. Kula."

Mimi mtoto wa sokoni, ninayejua kwamba mtu akikupunguzia bila kuombwa lazima kuna kilichooza chini ya tenga... nikala. Nikasema moyoni kwamba jua la Florida limemlainisha Mkikuyu.

Alhamisi asubuhi tuliwahi uwanjani. Nje kulikuwa na mzee Mzungu anapanga kofia mezani. Nikabishana naye bei ya kofia moja ya timu kwa muda mrefu, nikajifanya naondoka, akaniita, nikarudi, nikaipata kwa nusu. Njoroge alisimama kando, hakucheka, akaangalia viatu vyake.

Jioni nikapiga simu. Sauti ya Stella ilikuwa imekauka. Akasema ni mafua. Kisha akasema, "Nisimulie tangu mwanzo. Usiruke kitu." Nikamsimulia mechi nzima, mrusho kwa mrusho, mpaka kadi ya simu ikaisha.

Jumapili tukafika Brooklyn Park. Njoroge akanibebea begi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kwenye korido ya ghorofa yetu nikaona viatu mlangoni kwangu. Vya kiume, vya kike, mabuti ya theluji, vimepangana mpaka kwa jirani. Nikavihesabu. Nikarudia. Haikuwa sikukuu, haikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu. Nikasukuma mlango.

Ndani watu walikuwa wamejaa, kina mama chini kwenye zulia. Mzee Mponda, mwenyekiti wetu Watanzania wa hapa, akasimama.

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Nimekaa garini siku mbili, Mzee. Semeni."

"Mama hatunaye."

Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kabatini kutoa pasipoti. Nikauliza nani anajua ndege ya leo. Nikauliza tena. Mzee Mponda akavua miwani.

"Tumeshampumzisha, mwanangu. Alhamisi."

Tumeshampumzisha? Nani "tu"? Nilikuwa wapi mimi kwenye hiyo "tu"?

Alhamisi, saa kumi jioni. Saa kumi jioni ya Morogoro, Florida ni saa mbili asubuhi. Nilihesabu kwa vidole, mbele ya watu, nikarudia. Wakati Mama anashushwa kaburini, mwanawe wa kiume pekee alikuwa anabishania kofia. Na alishinda...

Walipoondoka watu, Stella alinifuata chumbani. Hakujitetea kwa desturi. Alisema ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya zaidi. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa bado hayajajibiwa. Mtu ukitoka nje ya nchi bila kibali wakati huo, ni kama umeyachana mwenyewe. Huruhusiwi kurudi tena.

"Ningekuambia, ungekwenda," akasema.

"Ningekwenda, ndiyo!"

"Na usingerudi. Neema ningemwambia nini? Wazee walisema tusikwambie mpaka ufike, basi. Mjomba akauliza kama wakusubiri, maiti ikae. Mimi ndiye niliyemwambia wasisubiri."

Kumbe wangesubiri! Mama angenisubiri...

Misiba haiji peke yake, huwa inakuja na ndugu. Wiki chache baadaye ikaja kanda ya video ya mazishi. Nikaitazama. Mwongozaji wa mazishi anatangaza kwamba mtoto wa marehemu aliyeko Marekani amebanwa na shughuli, udongo utawekwa kwa niaba yake na binamu. Binamu anainama, anatupa udongo wangu. Kamera inamgeukia dada yangu Felista. Hakuwa analia. Alikuwa anatikisa kichwa.

Nikampigia. Kuna mtu alikuwa ameshamfikishia habari za Florida.

"Shughuli yenyewe ndiyo hiyo, kaka?" akaniuliza. "Mama anazikwa, wewe uko mpirani?"

Nikaanza kumweleza. Akakata. Barua nilizomwandikia hakuzijibu hata moja. Kijiweni sokoni, Mjomba aliniambia, jina langu sasa ni Mpirani.

Njoroge nilimnunia miezi. Siku moja ghalani akanijia na soda, akaiweka mbele yangu, nzima, hajaionja. "Nilitaka kukuambia kila inning, buda," akasema. "Kila inning, kila raundi." Nikainywa. Ningefanya nini? Na yeye alikuwa ametumwa.

Kadi ya ukaazi ilikuja mwaka uliofuata. Ina picha yangu, nimekodoa macho. Kwa hiyo Stella hakukosea. Hesabu yake ilikuwa sawa, nimeirudia mara mbili na zaidi. Kazi ipo, mtoto yupo shule, nyumba ipo. Lakini ile ilikuwa bei yangu mimi kuilipa au kuikataa, na mimi, ambaye nimebishania kila kitu maishani, kwenye hiyo moja sikupewa hata nafasi ya kufungua mdomo.

Nilikwenda Morogoro na kadi yangu mfukoni. Felista alinionyesha kaburi kwa kidole, akarudi ndani. Nikakaa chini. Nikakumbuka ahadi. Nikasema, "Mama, nimerudi. Siku ile ya Alhamisi..." nikakwama. Sikukumbuka nani alishinda! Mechi nzima imefutika, imebaki kofia tu. Nililia pale kilio ambacho nilipaswa kukilia na wenzangu, siku yake, na watu wa kunishika.

Niliporudi huku, tukiwa mezani, nilimuuliza Stella bila kumtazama kama anakumbuka mechi ya Alhamisi ile.

Akaweka kijiko chini.

"Mlifungwa," akasema. "Saba kwa mbili. Raundi ya tano mawingu yalitanda, mkadhani mvua itanyesha, haikunyesha. Yule mwenye ndevu aliangusha mpira, mkazomea."

Alikumbuka kila kitu. Nyumba imejaa waombolezaji, simu sikioni, alikuwa ananisikiliza kweli. Sijui niliite nini jambo hilo. Sijaweza kumsamehe, na kuondoka pia sijaweza. Tunaishi. Machi ikifika na redio ikaanza na zile mechi za Florida, mmoja wetu huinuka akaizima. Hatujawahi kuulizana zamu ya nani.

Wasomaji wenzangu mlio mbali na kwenu, na ninyi mliobaki nyumbani, nawasihi. Kukitokea jambo, mwambieni mtu siku hiyohiyo. Yuko peke yake? Mwambieni. Yuko barabarani, ana makaratasi yake, ana mitihani, ana furaha ya siku mbili? Mwambieni! Ataanguka kwenye kibanda cha simu? Aanguke. Wageni watamwinua, nao wana mama zao. Aamue mwenyewe kama atakwenda au atabaki, alie kwa uamuzi wake.

Mimi kofia bado ninayo. Sijaivaa, na hakuna bei ambayo naweza kumtajia mtu.