Alama Kabla ya Sindano

Kila asubuhi, kabla ya chai, Rula alifanya mambo yake kwa mpangilio uleule. Alinawa mikono kwa sabuni. Alitoa sindano moja, iliyokwisha kujazwa dawa kiwandani, kutoka kwenye boksi lililokaa juu ya kabati, mbali na cherehani na mafuta yake. Aliifungua chupa ngumu ya plastiki ya kutupia sindano zilizotumika. Kisha alimwita mama yake aje kujichoma.

Rula lilikuwa jina la utani. Wateja wa mama yake walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mwembamba, na hakuweza kuona mstari uliopinda bila kutaka kuunyoosha. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana.

Ukutani palibandikwa kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kuchorea vipimo vya nguo. Rula alikipiga mistari, kila siku na mraba wake. Sindano huchomwa tumboni, leo upande huu, kesho upande ule. Mwanzoni Rula alitaka kuandika herufi ya kwanza ya kila upande.

"Kulia ni K, kushoto ni K," mama alisema akicheka. "Hapo tutajuaje, fundi mdogo?"

Basi akachora mishale.

Damu ya mama iliganda upesi kupita kiasi. Alizaliwa hivyo. Hali hiyo ilikuwa kwenye ukoo, lakini hakuna aliyeijua mpaka mama mdogo wa Rula alipofariki dunia siku ya tisa baada ya kujifungua. Bonge la damu lilitoka mguuni likaenda kuziba mapafu. Ndipo ndugu wote wakapimwa. Mama alipopata mimba, daktari alimweleza kwamba ujauzito huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, hivyo angehitaji sindano kila siku, bila kukosa, hadi wiki sita baada ya kujifungua.

"Mtoto huyu nitamzaa, na nitamlea mwenyewe," mama alisema siku hiyo. Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba gauni litakuwa tayari Ijumaa. Na gauni lake huwa tayari Ijumaa.

Wiki hiyo kazi ilikuwa nyingi: sare arobaini za shule. Rula naye alikuwa na mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti, na mwalimu alitaka wanafunzi wafike mapema. Jumatano asubuhi, Rula aliandaa sindano mezani, akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema kwenye mraba wa siku hiyo.

"Mama, kila kitu tayari!" Akatoka mbio.

Mama alikuwa anafunga khanga aje mezani, mara mlango ukagongwa.

"Hodi, fundi! Suruali uliyonishonea imepungua!"

"Suruali haijapungua, baba. Wewe ndiye uliyeongezeka. Ingia nikupime."

Alipomaliza kumpima, alilundika kola za sare mezani, akaketi kushona. Saa nne alikumbuka sindano. Akatazama ukutani: alama ipo. Siku hufanana. Akajiambia kwamba alikwisha kujichoma, akaendelea na kazi.

Alhamisi asubuhi Rula aliinua lundo la kola, na chini yake akaiona sindano ya jana. Kifuniko kilikuwa bado juu yake. Mama alikuwa bafuni. Rula alisimama na sindano mkononi, kisha akaiingiza ndani ya kopo la vifungo na kulifunga.

"Ni siku moja tu," alijisemea. "Leo tutachoma, yatakwisha."

Hayakwisha. Jumamosi mama alikuwa akichechemea.

"Ni kukanyaga cherehani tu," alisema. Lakini alikaa, akalinganisha miguu yake. Kigimbi cha kushoto kilikuwa kimevimba na kilikuwa cha moto. Hospitali walikwisha kuwaonya: mguu mmoja ukivimba, au kifua kikiuma, au pumzi ikikatika, njoo siku hiyohiyo.

Mama aliifunika cherehani. "Sare zitasubiri. Lete karatasi yetu, Rula. Twende."

Rula aliibandua karatasi. Kisha akalifungua kopo la vifungo, akaitoa sindano, akaitia mfukoni.

Kliniki, mkunga aliyekuwa akimhudumia mama tangu mwanzo aliukagua mguu, akasoma karatasi mraba baada ya mraba.

"Mistari imenyooka kuliko ya kwetu ofisini! Nani kaichora?"

"Fundi wangu mdogo huyu."

"Hongera, binti. Dada, hujakosa hata siku moja?"

"Hata moja," mama alijibu kwa fahari.

Mkunga hakutabasamu. "Basi hili ni jambo la kufikiria. Kama dawa iliingia kila siku na bado kuna bonge, huenda dawa hii haikufai. Nitamwambia daktari tutafute nyingine, tena yenye nguvu zaidi."

"Ikiwa na nguvu mno?" Rula aliuliza.

"Damu ikitoka inakuwa vigumu kuizuia. Ndiyo maana tunauliza kwanza."

Rula alitoa sindano mfukoni akaiweka juu ya meza.

"Ya Jumatano," alisema. "Niliweka alama kabla Mama hajachoma. Nilikuwa nawahi mazoezi. Alhamisi niliikuta, nikaificha. Nisamehe, Mama."

Mama aliichukua sindano, akakigusa kifuniko chake.

"Nani alikufundisha kuweka alama kwanza?" aliuliza.

"Wewe. Ulisema nisikate kitambaa kabla ya kuweka alama."

Mama alifumba macho. "Kweli nilisema. Na mimi nimeiamini karatasi bila kuhesabu sindano kwenye boksi. Hilo ni langu. Lakini la kuificha ni lako, mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

Mguu ulipigwa picha. Palikuwa na bonge dogo kigimbini. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua kama lilitokana na siku ile moja. Ila sasa hakukuwa na sababu ya kusema dawa imeshindwa, kwa hiyo hawakuhitaji kuibadilisha. Aliongeza kipimo chake: asubuhi na jioni, kulingana na uzito wa mama.

Wakiwa njiani kurudi, mama alisema, "Kazi yako sikunyang'anyi. Lakini kuanzia leo, alama inawekwa sindano ikishadondoka ndani ya chupa. Uisikie kwanza."

Rula aliomba ruhusa kwa mwalimu achelewe mazoezi kwa robo saa. Alichora karatasi mpya yenye miraba miwili kwa siku, na kila Jumapili yeye na mama walihesabu sindano zilizobaki. Hesabu haikupishana tena. Uvimbe ulipungua. Mama alishona huku akisimama kila nusu saa na kutembea hadi mlangoni na kurudi. Daktari alipanga siku ya kujifungua, dawa ikasimamishwa siku moja kabla, na mtoto wa kiume akazaliwa akilia kwa nguvu.

Siku ya tisa mkunga alifika nyumbani kuwaona. Hakuna aliyeitaja siku hiyo, ila wote waliijua. Mama alichoma sindano, akaidondosha. *Tak.* Ndipo Rula akaweka alama.

"Na mimi nikiwa na damu ya namna hiyo?" alimuuliza mkunga.

"Wakati wake ukifika utapimwa. Ukiwa nayo, utaishi nayo kama mama yako." Mkunga aliigusa karatasi ukutani. "Siku ile uliogopa, binti, na bado ukasema. Sisi tunatibu kwa kufuata tunachoambiwa. Tukiambiwa uongo, hata dawa nzuri hatujui kuitumia. Kosa likitokea, liseme mapema, lingali dogo."

Mama alimweka mtoto mapajani kwa Rula. "Mshike vizuri," alisema. "Jioni ni mshale wa kulia."