Makofi ya Ukumbi wa Sinema

Haya yalimpata rafiki yangu Janefer, kule Mogogosiek. Kanisa lao lilipewa ukumbi wa sinema uliofungwa yeye akiwa bado mtoto, basi mchana mmoja akaingia na mumewe, Ogoti, wawili tu, kung'oa kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Ogoti akapanda ngazi, akateleza, akaanguka. Mguu ukavunjika, ukalia kama ukuni mkavu.

Kutoka kwenye viti, gizani, watu wakacheka.

“Mnacheka nini? Kujeni mtusaidie!” Janefer akapiga kelele.

Kicheko kikakatika, ikasikika mvua tu juu ya mabati. Kisha makofi yakaanza, na sauti ya mwanamke ikasema kwa upole, “Hebu rudia hapo.”

Ogoti, huku akilia, akaishika ngazi, akaanza kupanda tena, akikanyagia mguu uleule uliovunjika.