Vikaratasi vya Neno "Pen"

Ijumaa moja ya Novemba 1908, saa kumi na dakika kumi alasiri, katika ofisi ya kamusi mjini Norwich, vikaratasi vyote vya neno la Kiingereza "pen" vilikutwa vimekuwa majivu ndani ya jiko la makaa. Kila kimoja kilikuwa na sentensi kutoka maandishi ya zamani na tarehe yake. Miaka mitatu ya kazi ilikuwa imeteketea.

"Hatoki mtu," alisema Inspekta Ludkin wa polisi, akafunga mlango. Chumba hakikuwa na dirisha.

Walibaki naye wawili: Bi Tapscott, aliyepanga vikaratasi, na mkuu wake, mzee Pelling.

"Ufunguo wa kabati anao huyu binti," alisema Pelling.

"Na wewe unao, bwana!" alisema Bi Tapscott. Kama angefungwa, mama yake kipofu angeishia nyumba ya maskini.

"Neno moja, vikaratasi vyote hivyo vya nini?" aliuliza Ludkin.

"Ni maneno matatu yanayoandikwa sawa, Inspekta," alisema Bi Tapscott. "'Pen' ya kalamu ilikuja na Wafaransa, kutoka neno la Kilatini la unyoya. 'Pen' ya zizi ni ya hapa hapa, tangu kale. 'Pen' ya batamaji jike, asili yake hakuna aijuaye."

"Upuuzi! Yote yametoka kwenye unyoya," Pelling alifoka. "Nimeshachapisha!"

"Ushahidi wa zizi ulifika lini?" Ludkin alimuuliza Bi Tapscott.

"Leo asubuhi. Kikaratasi chenye sentensi ya hati ya ardhi, ya kabla Wafaransa hawajafika. Kamba ziliisha, nikafunga bunda la vikaratasi kwa utepe wa kofia yangu."

Ludkin alichokora majivu. "Bunda lililofungwa huungua kingo tu. Hili lilifunguliwa kwanza. Utepe uko wapi?"

"Umeungua," alisema Pelling.

Bi Tapscott alimgeukia taratibu. "Hapa kamba haitupwi, bwana. Wewe ndiye uliyenifundisha: fungua, zungusha kidoleni, tia mfukoni."

Mkono wa Pelling ulikimbilia mfuko wa kizibao kabla hajauzuia. Ludkin akautoa utepe, wa bluu, umezungushwa vizuri.

Mzee akakaa chini. "Miaka ishirini na sita nimelitetea jambo hilo. Kikaratasi kimoja kinifanye kichekesho?"

"Hati yenyewe bado iko maktaba," alisema Bi Tapscott.

"Nani angekwenda kuitafuta tena?"

"Mimi," alisema Bi Tapscott. "Au ndiyo maana ulitaka nifungwe?"

Pelling aliangalia sakafu. "Nilidhani watakufukuza tu. Ungepata kazi nyingine."

Bi Tapscott alikuwa akimheshimu kama baba. Alishindwa hata kulia.